Muulizeni huyo mama kwanza: hotuba yangu kwa wanafunzi wa sheria Dodoma kuhusu ugaidi na jinsia

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa wanafunzi wa sheria hapa Dodoma. Wengi wameniomba niiandike, kwa hiyo nimeiweka karibu vilevile nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipokuwa narudia rudia.

Mbukwenyi! Asanteni. Walimu wangu mliokaa mbele shikamooni, mawakili wenzangu habari za mchana, na nyie wadogo zangu huko nyuma poleni na joto la leo, naona mmejaa mpaka mlangoni na mimi hilo limenipa moyo sana.

Mada niliyopewa ni kuingiza mtazamo wa kijinsia kwenye kazi ya kisheria ya kupambana na ugaidi kimataifa. Najua ukiisikia hivyo unaona ni mambo ya New York na Vienna, watu wamevaa suti wanajadili azimio namba fulani. Azimio nitalifikia. Ila nataka nianzie hapa nyumbani, mwaka 1998, maana wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa na sidhani kama kuna mtu amewahi kuwawekea hayo mambo matatu pamoja.

Mwaka huo Bunge letu lilitunga Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile mnayoiita Sospa. Mwaka huo huo, tarehe 7 Agosti, bomu lililipuka ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, watu 11 wakafa, na Nairobi asubuhi hiyo hiyo wakafa zaidi ya 200. Halafu hata mwezi haujaisha, tarehe 2 Septemba, pale Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu na kusema kitu ambacho hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imewahi kukisema, kwamba ubakaji unaweza kuwa mauaji ya kimbari. Nchi moja, mwaka mmoja. Baada ya hapo kila kitu kikashika njia yake. Sheria za ugaidi zikaenda mbio, mkataba wa Afrika wa Algiers wa kupambana na ugaidi ukapitishwa 1999, azimio 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaja 2001 baada ya Septemba 11, sisi tukatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi 2002. Sheria za ukatili wa kijinsia nazo zikaenda kivyake, na dawati lake polisi, na semina zake, na watu wake. Mpaka leo hizi njia mbili zinapishana tu, na mtu anayeumia ni yule aliyefanyiwa uhalifu wa kingono NA magaidi, kwa sababu kwenye njia ya kwanza hayupo na kwenye njia ya pili anaambiwa hilo ni suala la usalama wa taifa, nenda kule.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye kesi ya Akayesu kwa sababu kila kitu ninachotaka kuwaambia leo kiko mle. Akayesu alikuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, kama meya tuseme. Kesi yake ilipoanza kusikilizwa Januari 1997 hati ya mashtaka HAIKUWA na shtaka hata moja la ubakaji. Hata moja jamani. Wapelelezi walikuwa wamefanya kazi, wameandika maelezo ya mashahidi, waendesha mashtaka wamekaa wameandaa hati, na lile jambo walilofanyiwa wanawake wengi wa Taba halikuwepo kwenye karatasi. Likatokea mahakamani. Mama mmoja akiwa kizimbani anatoa ushahidi wa mambo mengine akasema mtoto wake wa kike, miaka 6, alibakwa na wanaume watatu. Jopo halikumpita. Lilikuwa na jaji mwanamke mmoja tu, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na majaji wakauliza zaidi, mashahidi wengine waliofuata wakaulizwa pia, mashirika ya wanawake nje huko nayo yakapiga kelele, na Juni 1997 hati ikabadilishwa mashtaka ya ubakaji yakaingizwa. Ndio tukapata hukumu ambayo leo inasomwa dunia nzima.

Fikirini mnyororo wake. Kisichoulizwa hakiandikwi kwenye maelezo ya shahidi, kisichoandikwa kwenye maelezo hakiingii kwenye hati ya mashtaka, na kisichokuwa kwenye hati jaji hana mamlaka ya kukitolea hukumu hata kama ana roho nzuri namna gani. Kwa hiyo mtu akiniuliza mtazamo wa kijinsia kwenye kesi za ugaidi maana yake nini mimi simpeleki kwenye sera. Nampeleka kwenye chumba cha mahojiano siku ya kwanza, nani kakaa mle, na kauliza nini.

Tuangalie yaliyotokea kwingine. Iraq, baada ya kundi la Dola ya Kiislamu kushindwa, washtakiwa kwa maelfu wakapelekwa mahakamani kwa sheria yao ya ugaidi namba 13 ya 2005. Kosa kubwa lililotumika ni uanachama. Ulikuwa mwanachama? Ndio. Basi, kifungo cha maisha au kunyongwa. Mimi nimefanya kazi za jinai, naelewa kabisa kwa nini mwendesha mashtaka anachagua hivyo, uanachama ni rahisi kuuthibitisha, adhabu ni ile ile kubwa, mafaili yamejaa mpaka dirishani, sasa kuhangaika kuthibitisha ubakaji wa nini? Lakini ebu kaa upande wa binti wa Kiyazidi, wale watu wa dini ndogo ya kaskazini mwa Iraq ambao kundi hilo liliwafanya watumwa, binti aliyeuzwa sokoni mara tatu nne. Kesi ya mtu aliyemnunua imeisha, yeye hakuitwa, hakutajwa, hata hajui kama imeisha. Kwenye kumbukumbu za mahakama yule mwanaume alikosa kwa kujiunga na kundi, kwa hiyo aliyekosewa ni serikali. Binti hayupo.

Sasa linganisha na Ujerumani. Mwaka 2021 mahakama ya Frankfurt ilimhukumu mwanaume wa kundi hilo hilo kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari, alikuwa amemnunua mama wa Kiyazidi na mtoto wake wa miaka 5 kama watumwa, na yule mtoto alifungwa nje juani kama adhabu kule Fallujah mpaka akafa. Mama alikuwa hai. Alitafutwa, akapatikana, akasimama mahakamani akaeleza. Mke wa huyo mwanaume, Mjerumani, naye alihukumiwa kwenye kesi nyingine Munich mwaka huo huo. Kundi ni lile lile na uhalifu wa aina ile ile. Tofauti ni kwamba huku kuna mtu alimwuliza mama ni nini kilimpata yeye na mwanaye, na akaandika.

Nigeria nako hivyo hivyo. Mnakumbuka wasichana 276 wa Chibok waliotekwa shuleni na Boko Haram, Aprili 2014, dunia nzima ilipiga kelele. Lakini kesi za washukiwa wa Boko Haram zilipoanza kusikilizwa kwa mamia kwenye kambi ya jeshi ya Kainji kuanzia Oktoba 2017, mengi ya mashtaka yalikuwa ya uanachama na kusaidia kundi tu, na mambo waliyofanyiwa wanawake na wasichana kule msituni kwa sehemu kubwa hayakuonekana kwenye mashtaka. Inauma sana hiyo.

Na sheria ya kimataifa haiko kimya kuhusu hili. Azimio 1325 la Oktoba 2000 ndio lilifungua mlango wa wanawake, amani na usalama. Azimio 2242 la Oktoba 2015 likaunganisha wazi wazi, likazitaka nchi zishirikishe wanawake kwenye kupanga mikakati dhidi ya ugaidi, na ile Kamati ya Kupambana na Ugaidi iweke suala la jinsia kwenye kazi yake yote. Lakini azimio ninalowaomba mlichape mlibandike ukutani ni 2331 la Desemba 2016. Hilo linasema watu waliosafirishwa kiharamu na waliofanyiwa ukatili wa kingono na makundi ya kigaidi wahesabiwe kuwa WAHANGA WA UGAIDI. Mwanafunzi wa sheria aone uzito wake hapo, maana muhanga wa ugaidi ana haki ya msaada na fidia na kusikilizwa, hawezi tena kuambiwa nenda dawati lingine. Iraq wenyewe Machi 2021 walitunga sheria ya manusura wa Kiyazidi yenye fidia ndani yake, imechelewa lakini ipo.

Sasa kuna upande wa pili na nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Kuna watu wakisikia jinsia wanasikia huruma kwa akina mama. Hapana. Arusha hiyo hiyo, Juni 2011, Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wa Rwanda, waziri wa WANAWAKE, alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na pia kwa ubakaji kama uhalifu dhidi ya binadamu, kwa sababu alisimamia vijana waliokuwa wanabaka. Rufaa ikapunguza kifungo cha maisha kuwa miaka 47 mwaka 2015 lakini hatia ya ubakaji ikabaki. Septemba 2016 Mombasa, wanawake watatu waliingia kituo kikuu cha polisi wakajifanya wamekuja kuripoti wizi wa simu, wakashambulia askari. Kwa hiyo mpelelezi anayemwona mwanamke akasema huyu kadanganywa na mume tu, hajaona jinsia, kaona picha aliyonayo kichwani mwake, na hiyo picha inaachia wahalifu.

Halafu picha hiyo hiyo inageuka inafunga wasio na hatia. Mke wa gaidi aliyepika, aliyefua, aliyezaa, je amesaidia kundi? Kuna nchi zimemwachia bila kumuuliza lolote na kuna nchi zimempa kifungo cha maisha bila kumuuliza lolote, kosa ni lile lile, hakuulizwa. Uliingiaje? Ulikuwa na miaka mingapi? Ungeweza kuondoka? Ulijaribu? Ulipewa mshahara? Ulimshika mtu mwingine akafungwa mikono? Ujerumani walikaa na haya maswali kwa utaratibu mpaka wakagundua kuna wanawake waliokuwa wanahamia kwenye nyumba zilizoporwa kwa watu waliofukuzwa, wakawashtaki kwa uporaji kama uhalifu wa kivita. Hilo ni shtaka la kitu alichokifanya yeye mwenyewe, halimfuati kwa kuwa tu ni mke wa fulani. Mimi naona hiyo ni kazi nzuri.

Na kuna wale ambao ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Shamima Begum aliondoka London 2015 akiwa na miaka 15 akaenda Syria kwa kundi la Dola ya Kiislamu, akaolewa muda mfupi baada ya kufika. Uingereza ilimvua uraia 2019. Februari 2023 tume maalumu ya rufaa za uhamiaji ilisema kuna sababu za kuaminika za kushuku kwamba alisafirishwa kwa ajili ya unyonyaji wa kingono, na bado ikakataa rufaa yake. Someni hiyo hukumu mbishane. Msimamo wangu nausema wazi: itifaki ya Palermo ya 2000, ile ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, inasema ridhaa ya mtoto kwenye usafirishaji haina maana yoyote, na sisi tuna sheria yetu ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ya 2008. Binti wa miaka 15 aliyesafirishwa aanze kutazamwa kama aliyesafirishwa, hayo mengine aliyoyafanya baadaye yachunguzwe yakiwa na huo msingi chini yake. Kumvua uraia kabla hujamaliza hilo swali ni kulikimbia.

Mtaniuliza sisi Dodoma haya yanatuhusu nini, huku hakuna vita. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilivamiwa na watu waliotoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Ule uasi wa Cabo Delgado, Msumbiji, ulioanza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia umeteka wanawake na wasichana, wengine wakalazimishwa kuolewa, na Wamakonde wako pande zote mbili za mto, ni ndugu. Mtu akitoroka kule akavuka, anakutana na nani kwanza? Anakutana na askari, na ofisa uhamiaji, pengine na mwenyekiti wa kijiji. Na yule askari ana swali moja kichwani, huyu ni mmoja wao au siyo. Swali halali kabisa, ni kazi yake, ila likiwa ni hilo peke yake basi ameshapoteza shahidi bora kuliko wote, maana mwanamke aliyekaa kambini miezi nane anajua majina, anajua nani anatoa amri, chakula kinatoka wapi, silaha zinafichwa wapi. Hatakwambia hayo kama umemkalisha mbele ya wanaume sita na mkalimani ni mjomba wake.

Nyenzo tunazo tayari, ndio maana nasema kwa uchungu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke na kwa staha. PF3 ipo, ile fomu ya polisi ya kupata matibabu, mpeni siku hiyo hiyo aende hospitali, msisubiri mpaka muwe mmemalizana naye kwenye habari za kiusalama, ushahidi wa mwilini hausubiri. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye kesi ya Selemani Makumba mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe, kila mmoja wenu ameikariri hiyo kesi kwa ajili ya mtihani, sasa niambieni, nani kasema Makumba haitumiki kwa sababu mbakaji alikuwa na bunduki na bendera? Tuna sheria ya ulinzi wa mashahidi na watoa taarifa ya 2015. Dawati la jinsia na watoto lipo polisi. Ninachoomba ni kwamba siku faili la ugaidi linafunguliwa na kuna mwanamke au mtoto ndani yake, ofisa wa dawati akae meza moja na mpelelezi wa ugaidi tangu siku ya kwanza, asije kuitwa baadaye kubembeleza.

Na wanaume, tafadhali msiwasahau. Jinsia ni wao pia. Vijana wanavutwa kwa ahadi ya pesa, ya mke, ya kuonekana mwanaume wa maana nyumbani kwao ambako hana shamba wala mahari, na hilo halichunguzwi kwa sababu tunaona ni kawaida. Na mwanaume aliyedhalilishwa kingono akiwa mateka, au akiwa mahabusu mikononi mwa serikali yoyote ile duniani, huyo ndio haulizwi kabisa, na yeye hatasema mwenyewe hata umpe mwaka. Muulizeni.

Kitu kingine, mahabusu. Kesi ya ugaidi kwetu haina dhamana, na upelelezi wake ni mrefu. Akiwa mwanamke mwenye mtoto anayenyonya, mtoto anaingia naye. Kanuni za Bangkok za 2010 za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wanawake zinasema mtoto aliyeko gerezani na mama yake asitendewe kama mfungwa, na kwamba hali ya mama mlezi itazamwe wakati wa kuamua kifungo. Wakili akisimama akaomba upelelezi uharakishwe ataje hilo kwa jina. Sijui kwa nini mawakili tunaona aibu kutaja kanuni za kimataifa mahakamani kama vile tunajionyesha.

Suala la pesa nitaligusa kidogo tu, muda unaniishia. Sheria za kuzuia ufadhili wa ugaidi zinazifikia hata taasisi ndogo ndogo. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya kikosi cha kimataifa cha kudhibiti fedha haramu, FATF, Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025, na katikati hapo masharti yalikazwa na yalipaswa kukazwa. Ila kikundi cha akina mama wa Bahi au Kongwa wanaosaidia wenzao waliopigwa, hawana mhasibu, hawana mkaguzi, fomu zikiwa nyingi wao ndio wa kwanza kufunga, wakati shirika kubwa la mjini linaajiri mtu wa kujaza. Kanuni yenyewe ya kimataifa, lile pendekezo namba 8 la kikosi hicho kuhusu taasisi zisizo za faida, inataka hatua zilingane na hatari iliyopo. Kikundi cha watu ishirini kinachokutana chini ya mwembe hakina hatari sawa na taasisi inayopokea mamilioni kutoka nje, na mtunga kanuni anatakiwa aambiwe hivyo kwa maandishi.

Hapo ndio nawarudisha Dodoma, na hili ndilo nililokuja kuwaomba. Nyie mnasoma sheria kwenye mji ambao Bunge liko jirani. Muswada ukisomwa mara ya kwanza unaenda kwenye kamati, na kamati inaita wadau kutoa maoni, na mara nyingi mnaona ni mashirika yale yale kutoka Dar yamepanda basi usiku kuja kuongea dakika kumi, nyie mnapanda daladala tu mmefika. Chukueni Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 na marekebisho yake, gawaneni vifungu, na kila kifungu mkisome mkiwa na yule mama wa Taba kichwani, na binti wa miaka 15, na yule anayevuka Ruvuma usiku na mtoto mgongoni. Muhanga anatajwa wapi? Fidia inatoka mfuko gani? Mtoto aliyezaliwa kambini anapata cheti cha kuzaliwa kwa utaratibu upi, maana baba hatajwi? Aliyesafirishwa akalazimishwa kufanya kosa ana utetezi gani? Pale mnapokuta hakuna jibu, andikeni kifungu kipendekezwe kiwe hivi, kwa lugha ya kisheria, kwa Kiswahili, kurasa mbili tatu zinatosha, na mkabidhi kwa katibu wa kamati mkagongewe mhuri wa kupokelewa.

Mimi nipo tayari kuzisoma rasimu zenu kabla hazijaenda, namba yangu mwalimu wenu anayo. Tuanze maswali, na naomba tuanze na nyie mliosimama huko mlangoni muda wote huu.